Kete za Bao na Bakuli la Buluu

Mama mkwe alishuka stendi ya Mbezi saa nane mchana, siku ya nne tangu nijifungue kwa upasuaji. Alikuja na ndoo ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, kanga mbili mpya za kunifunga mkaja, na kifuko cha kitambaa chenye kete za bao za marehemu baba mkwe, ambazo haachani nazo. Kabla hata hajaketi alimwambia mume wangu kwa fahari kwamba tangu Pangani hakunyanyuka kitini, hata basi liliposimama watu wakashuka kununua mahindi. Alikuwa na haraka ya kuja kuniuguza, basi akakaa vilevile kama mtu anayeshikilia nia.

Nalieleza hili mapema kwa sababu ndivyo tulivyolelewa wote. Kumpenda mgonjwa ni kumlaza. Aliyejifungua hagusi ufagio, hachuchumai, haendi hata kibarazani mpaka arobaini ziishe. Anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, anaambiwa lala, mwanangu, lala. Nilikubali kwa moyo wote. Kwa mimba yangu ya kwanza sikuwa na mtu wa kunikanda, na mara hii nilijiona nimependwa.

Siku ya tisa mguu wangu wa kushoto ulivimba. Mama ndiye aliyeuona kwanza, nikiwa kwenye kigoda uani. Akaubonyeza kwa dole gumba juu ya kifundo, na alama ikabaki kama kidole kwenye unga wa chapati. "Huu umeingia baridi," akasema. "Umekanyaga sakafu bila viatu."

Nilikuwa nimekanyaga kweli, basi sikubisha. Akapasha mafuta ya nazi na karafuu, akanichua toka kifundoni kupanda shavu la mguu, usiku ule na asubuhi yake. Mikono ya Mama imetwanga mpunga na kukama ng'ombe miaka mingi. Niliumia mpaka machozi yakanilenga, nikanyamaza.

Usiku wa siku ya kumi, nikiwa nanyonyesha, kitu kilinichoma chini ya ziwa la kulia. Nilivuta pumzi, ikakatika njiani. Nikavuta tena, ikakatika palepale. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kama nimetoka kupanda ghorofa, na mimi nimekaa kitandani. Mama akasema kichomi. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme na hana mazoea ya kushtuka, alinitazama midomo akatoka mbio kutafuta bajaji.

Daktari aliyetupokea, dada mdogo kuliko mimi, hakuanzia kifuani. Alifunua miguu yote miwili, akatoa utepe wa kupimia kama wa fundi cherehani, akapima huku na huku. Wa kushoto ulizidi kwa sentimita nne. Asubuhi, baada ya picha ya CT, alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda akatueleza: bonge la damu lilikuwa limeganda katika mshipa wa ndani wa mguu, likang'oka kipande, kikapanda na damu, kikapita moyoni, kikaenda kuziba mshipa wa pafu.

Akatuambia jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Mwili wa mwenye mimba huiandaa damu igande upesi, ili mama asimwage damu yote siku ya kuzaa. Matayarisho hayo hayaondoki na mtoto. Hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa huwa kubwa kuliko wakati wote katika wiki sita za kwanza baada ya kujifungua, na upasuaji huiongeza. Nilihesabu kwa vidole nikiwa na mpira wa oksijeni puani: wiki sita ni siku arobaini na mbili. Siku zilezile tunazolazwa bila kutikisika ndizo damu inazotaka tutembee.

Nilimuuliza kama ni kule kuchuliwa. Hakumlaumu mtu. Alisema hakuna awezaye kujua nini kilikiondoa kile kipande mahali pake, ila mguu uliovimba upande mmoja hauchuliwi hata kidogo. Mwenye mguu huo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mama alikuwa amesimama dirishani na kichanga. Hakusema neno. Niliona tu akiifunika mikono yake ndani ya kanga ya mtoto.

Niliporudi nyumbani baada ya wiki nilikuwa na vitu viwili: sindano za kuchoma tumboni, ambazo mume wangu alifundishwa na nesi kunichoma asubuhi na jioni, na vidonge vya warfarini vya kumeza kila siku saa mbili usiku. Warfarini haianzi kazi siku unapoimeza. Huchukua siku kama tano, na sindano ndizo zinazolinda wakati huo. Daktari aliichagua kwa kuwa ninanyonyesha, na dawa hii haipiti kwenye maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto. Nilipewa na kadi ya kuandikiwa kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Mtu asiyetumia dawa huwa kwenye 1 hivi. Mimi nilitakiwa niwe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo bonge linaweza kurudi, juu ya hapo ninaweza kuvuja damu. Ni nafasi nyembamba, na nyumba nzima ilibidi ijifunze kuishi ndani yake.

Siku ya tatu wifi yangu, anayesoma chuo, aliandika jina la dawa kwenye simu akatusomea kwa sauti tukiwa mezani. Akafika mahali akapunguza sauti, lakini alikuwa ameshachelewa. Mama alikuwa amesikia: sumu ya panya.

Usiku ule ilipofika saa mbili kopo la vidonge halikuwapo. Tulitafuta kabatini, chini ya kitanda, kwenye begi la mtoto. Mama alikuwa ameketi mkekani na mjukuu kifuani, ametulia.

"Mama, umeziona dawa za mzazi?" mume wangu akauliza.

"Nimeziweka."

"Wapi, Mama?"

"Sumu ya panya hainywewi katika nyumba niliyomo mimi. Na huyu ananyonya."

Mume wangu hawezi kumpandishia mama yake sauti, na nisingependa mwanamume awezaye. Alipiga magoti mbele yake akamsihi. Alipiga simu hospitali, haikupokelewa. Mpaka saa sita usiku alikuwa bado anasihi, na mimi nikiwa nimelala nasikiliza pumzi yangu kama mtu anayesikiliza mwizi darini. Mama alikuwa analia naye, bila sauti. Nilimwelewa. Mikono yake ilikuwa imeshamkosea mkwe wake mara moja, na aliapa haitamkosea tena. Asubuhi alifukua kopo kutoka ndani ya pipa la mchele, akalifunga kwenye ncha ya kanga yake, akasema atalikabidhi kwa daktari mwenyewe.

Yule daktari dada alimwamkia, akamvutia kiti. Hakumkatalia. Alisema, "Ni kweli, Mama, hutumika kuulia panya." Kisha akamuuliza kama amewahi kufuga.

"Ng'ombe, tangu utoto."

Basi akamsimulia habari ya ng'ombe. Katika miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kupoteza mifugo kwa ugonjwa wa ajabu: ng'ombe akikatwa pembe, au akichubuka kidogo tu, alivuja damu mpaka akafa. Ikaja kuonekana kwamba walikuwa wamelishwa majani makavu ya klova yaliyolowa yakaota ukungu. Majira ya baridi ya 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alisafiri katika theluji na ng'ombe wake aliyekufa na kopo la maziwa limejaa damu isiyoganda, akabisha katika maabara ya mkemia Karl Paul Link. Link na wenzake walifanya kazi miaka kadhaa mpaka wakakipata kile kitu kilichokuwa ndani ya majani. Kutokana nacho wakatengeneza warfarini, ambayo jina lake linaanza kwa herufi za taasisi ya Wisconsin iliyogharimia utafiti. Iliuzwa kwanza mwaka 1948 kuulia panya, na kufikia mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya watu. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alitibiwa nayo alipopata shambulio la moyo.

Mama alisikiliza akiwa ameinama mbele. "Majani yenye ukungu," akasema. "Hata kwetu hatumpi ng'ombe." Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo panya anakula nyingi, na mkwe wangu anapimiwa."

"Ndiyo maana tunampima damu kila mara, Mama."

Akafungua ncha ya kanga, akanipa kopo mkononi. Daktari akaniambia nisimeze vidonge viwili kufidia cha jana. Ukikumbuka siku ileile, meza. Siku ikishapita, endelea na cha leo tu, na mwambie daktari wako. Tangu siku hiyo Mama ndiye aliyekuwa akiniletea kidonge saa mbili kamili, na glasi ya maji, na hakuondoka mpaka ameniona nimemeza.

Lakini moyo wake haukuwa umetulia. Kama dawa inaidhoofisha damu, alifikiri, basi damu iongezwe nguvu. Na nani asiyejua kwetu jinsi damu inavyoongezwa? Kila alfajiri, kabla sijaamka, alikuwa akiponda matembele mabichi, akayakamua, akanichanganyia na juisi ya rozela nisitambue ladha yake. Mchana kisamvu cha tui. Jioni mchicha. Nilipungukiwa damu kweli baada ya upasuaji, na chakula kilikuwa kitamu. Nilikula.

INR yangu, iliyokuwa imeshafika 2.3 na sindano zimeachwa, ikashuka hadi 1.4.

Sindano zikarudi, tumbo likiwa bado na michubuko ya zile za kwanza, na kipimo cha warfarini kikaongezwa. Daktari aliuliza ninakula nini na Mama akamweleza yote bila kuficha hata kijiko kimoja. Ndipo tukajua kwamba mboga za majani, mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, majani ya kunde, sukuma wiki, zina vitamini K nyingi, na hiyo vitamini K ndiyo ini linayoitumia kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Warfarini inaifungia mlango. Sisi tulikuwa tunaufungua kila alfajiri kwa kinu na mchi.

Mume wangu alitoka pale amekunja uso. Siku hiyo alitoa kila jani ndani ya nyumba, akampa jirani fungu la mchicha lililokuwa bado na umande, akamwambia muuza mboga asibishe hodi kwetu tena. Siku kumi nilikula ugali na samaki, wali na maharage, ndizi. Alifanya kwa mapenzi, kama mama yake alivyofanya. Asubuhi ya siku ya kumi na moja nilipiga mswaki, ule wa mti nilioupenda tangu utoto, na povu likatoka jekundu. Fizi hazikuacha kuvuja mpaka jua likawa limepanda. Mchana wa siku hiyo, nikiparua samaki, kisu kikanigusa kidole, mkato mdogo usiozidi punje ya mchele. Nikaubana kwa kitambaa safi, kidole nimekiinua juu, na Mama anatazama saa ya ukutani. Dakika kumi. Kumi na tano. Ishirini.

Kipimo kilikuwa 5.2. Dawa ilikuwa imeongezwa ili ishindane na mboga, kisha mboga zikaondolewa, ikabaki dawa peke yake.

Niliambiwa niache kumeza kwa siku mbili, nirudi kupimwa. Mswaki wa mti nikauweka, nikanunua laini. Niliambiwa pia vitu ambavyo kila mwenye kutumia dawa hii anapaswa kuvisikia kwa masikio yake: choo kikiwa cheusi kama lami, mkojo ukiwa mwekundu, kichwa kikiuma kwa namna isiyo ya kawaida, au ukianguka ukagonga kichwa hata kama huoni jeraha, usisubiri kupambazuke. Na usinunue dawa dukani bila kusema unatumia nini. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Septrini na Flagyl, ambazo tunazimeza kama karanga, zinaipandisha warfarini. Dawa ya kifua kikuu, rifampisini, inaishusha. Nilikuwa na Flagyl kabatini toka mwaka uliopita. Niliirudisha kwa mfamasia.

"Sasa mboga ale au asile?" Mama aliuliza, na sauti yake ilikuwa imechoka.

"Ale, Mama. Ila kila siku kiasi kilekile. Mkiniletea mtu anayekula sawasawa, dawa nitaipima mimi."

Tukiwa njiani Mama alimwomba dereva wa bajaji asimame sokoni Tabata. Akachagua muda mrefu, akatoka na bakuli dogo la plastiki, la buluu. Hilo likawa la mboga zangu. Likijazwa mpaka ukingoni mchana, basi. Hapana la pili, hapana siku bila. Ikiwa ni mchicha, bakuli moja. Kisamvu ni kizito zaidi, basi kiliishia kwenye mchirizi wa ndani. Matembele mabichi ya alfajiri hayakurudi. Mume wangu alimwomba muuza mboga radhi. Wiki mbili baadaye kadi ilisoma 2.4, kisha 2.6, kisha 2.5, na Mama, ambaye hakuingia darasani zaidi ya la nne, alizijua namba hizo kuliko mimi.

Kutembea kulikuwa na shida yake. Arobaini zilikuwa hazijaisha na Mama hakutaka nitoke getini, nami sikutaka kumvunjia heshima kwa mara nyingine baada ya yote aliyokwisha kuyaachia. Lakini mguu ulihitaji kwenda. Nikikaa kunyonyesha zaidi ya nusu saa nilikuwa nimeambiwa nichezeshe vifundo, vidole juu, vidole chini, na nisikunje miguu chini ya mapaja. Mkaja tuliulegeza, kisha tukauacha, maana ulinikaba pumzi. Maji nilikunywa kila ninaponyonyesha. Kulikuwa kumebaki kutembea.

Mama alipata njia. Uani kwetu, toka stoo hadi getini, ni hatua kumi na nane. Akaweka kigoda chake katikati, akamwaga kete za baba mkwe kwenye sahani. Bao la Kiswahili lina kete sitini na nne. Kila nikienda na kurudi mara moja, alihamisha kete moja kwenye sahani ya pili. Siku ya kwanza nilihamishiwa kete nne. Pumzi ilikatika, nikashika ukuta, moyo ukagonga, na nikaingiwa na hofu kwamba ni lile bonge limerudi. Hofu hiyo haikuwa ya siku moja. Ilinijia usiku, mume wangu akilala na mkono wake mgongoni mwangu ili ahisi ninavyopumua. Daktari aliniambia pafu huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kurudia nguvu yake, na kwamba kuhema baada ya mwendo si lazima iwe hatari. Hatari ni kuhema kunakozuka ghafla, kichomi kipya, kukohoa damu, mguu kuvimba tena. Nilijifunza kutofautisha. Ilinisaidia pia kujua kwamba mcheza tenisi Serena Williams, mwenye mapafu yaliyoshinda Wimbledon, alipata mabonge mapafuni mwaka 2011, na tena mwaka 2017, siku moja baada ya kuzaa kwa upasuaji kama mimi. Yeye aliitambua dalili na akawasisitizia wahudumu mpaka wakampima. Nawaambia wanawake wote ninaokutana nao kliniki: sisitiza. Unaujua mwili wako.

Kete zilipanda polepole. Sita, tisa, kumi na mbili. Siku nyingine zilishuka. Mwanangu mkubwa, wa miaka mitano, akawa anatembea mbele yangu akinishika kidole. Wiki ya saba tukatoka getini hadi dukani, Mama amembeba mtoto, kete kumi na tano ameziweka mfukoni mwa gauni. Wiki ya kumi sahani ya kwanza ikabaki tupu. Mama alizihesabu tena, mara mbili, hakuamini. Kisha akasema baba mkwe angefurahi kuona kete zake zimeshinda.

Nesi wa uzazi wa mpango alinieleza kwamba vidonge vyenye homoni ya estrojeni si vyangu tena, kwa sababu vinaongeza kuganda kwa damu, na kwamba nisibebe mimba nikiwa kwenye warfarini kwa kuwa inamdhuru mtoto tumboni. Nilichagua kijiti. Nilitegemea Mama atanung'unika. Alinisubiri nje ya mlango, akanishikilia pamba mkononi mpaka damu ikakauka.

Baada ya miezi mitatu kamili daktari aliniambia niache dawa, na nikibeba mimba nyingine niseme siku ya kwanza ya kliniki, ili nianzishiwe sindano za kunilinda. Wiki iliyofuata Mama akafunga mizigo. Bakuli la buluu aliliacha kabatini. Kifuko cha kete alikiweka chini ya mto wa mjukuu, nikamwambia, "Mama, umesahau kete," akasema hakusahau.

Basi lake liliondoka Mbezi saa mbili na nusu asubuhi. Karibu saa tano simu yangu ikalia. Nyuma ya sauti yake nilisikia wachuuzi wakipigania kuuza maji na mahindi.

"Tumesimama Msata," akasema, akihema kidogo. "Nimeshuka. Nalizunguka basi. Kondakta ananiambia nipande, nami nimemwambia asubiri, nimebakisha mizunguko miwili."